Seva ya mwangwi ndani ya kielelezo cha mtandao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa wanafunzi wa mitandao ya kompyuta hapa Nairobi, wengi wakiwa kwenye mradi wa mwaka wa mwisho. Nimeyajibu nikiwa na msimamo mmoja ninaouamini kabisa: kabla hujaamini grafu yoyote inayotoka kwenye kiigaji, yaani programu inayoiga mtandao ndani ya kompyuta, kipe kwanza kazi ambayo jibu lake unaweza kulipata mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Seva ya mwangwi ndiyo kazi hiyo.

Seva ya mwangwi ni nini hasa?

Ni programu inayopokea data na kuirudisha kwa aliyeituma, baiti kwa baiti, bila kuongeza wala kupunguza. Itifaki yake ilielezwa na Jon Postel katika RFC 862 ya Mei 1983 (RFC ni nyaraka za kanuni za intaneti), waraka mfupi sana unaosema kwamba huduma hiyo isikilize kwenye poti 7, yaani namba ya mlango wa programu, kwa TCP na kwa UDP, itifaki mbili za kubeba data: TCP huhakikisha imefika, UDP hutuma tu. Mteja anatuma, seva inarudisha, basi.

Si hiyo ni ping tu?

Hapana. Ping, amri ya kupima kama kompyuta nyingine inafikika, hutumia ICMP, itifaki ya ujumbe wa mtandao wenyewe, na anayeijibu ni mfumo endeshi wenyewe, hakuna programu inayohusika. Pakiti ya mwangwi wa UDP hupanda hadi juu kabisa: inapita kiolesura cha mtandao, tabaka la IP, tabaka la UDP, soketi, mpaka ifike kwenye programu, kisha inashuka njia ile ile. Ping ikifaulu umejua kwamba anwani na njia ziko sawa. Mwangwi ukirudi umejua pia kwamba poti, soketi na programu yenyewe viko sawa. Katika kielelezo tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu makosa mengi ya wanafunzi yako huko juu.

Mwalimu anataka niige mtandao wa kampuni yenye matawi kumi. Kwa nini nipoteze muda na nodi mbili, yaani kompyuta mbili tu za kuigwa?

Kwa sababu kwenye matawi kumi namba ikitoka mbaya hutajua imeharibikia wapi. Inaweza kuwa kasi ya kiungo kimoja, jedwali la njia, foleni iliyojaa, au programu iliyoanza kabla ya wakati wake. Nodi mbili zina kiungo kimoja na njia moja. Namba ikikataa, sehemu za kutafuta ni chache. Ukishaziamini nodi mbili ongeza ya tatu katikati, piga hesabu upya, linganisha, kisha endelea. Anayejenga hivyo humaliza mradi mapema kuliko aliyeanza na matawi yote kumi, na siku ya kuutetea ana jibu kwa kila namba anayoulizwa.

Kiigaji kinahesabuje muda? Nikiendesha sekunde 10 za uigaji, mbona zinaisha papo hapo?

Saa ya kiigaji haina uhusiano na saa ya ukutani. Viigaji vya aina hii huweka matukio kwenye orodha, kila tukio na wakati wake: "sekunde ya 2, mteja atume pakiti". Kiigaji hulichukua tukio la mapema zaidi, hulitekeleza, kisha saa yake huruka moja kwa moja hadi wakati wa tukio linalofuata. Kati ya matukio mawili hakuna kinachofanyika, kwa hiyo hakuna cha kusubiri. Mtandao mtulivu wa saa nzima unaweza kuisha kabla hujapepesa jicho, na sekunde moja ya mtandao wenye msongamano ikakula dakika nyingi.

Uigaji husimama orodha ikiisha au wakati wa kusimama ulioweka ukifika. Kumbuka hilo, tutalihitaji tukifika kwenye pakiti isiyokufa.

Nitumie kiigaji gani?

Kwa kazi ya chuo, ns-3 au OMNeT++. Ns-3 ni huria chini ya leseni ya GPL, unaandika kwa C++ au Python, na inakuja na programu za UdpEchoServer na UdpEchoClient tayari. OMNeT++ ni bure kwa matumizi ya kitaaluma, na maktaba yake ya INET ina UdpEchoApp na TcpEchoApp. Ukipenda kuona picha ya mtandao ikisogea mbele yako, OMNeT++ itakufaa. Mimi huwaelekeza wengi kwenye ns-3, kwa sababu mfano wa kwanza kabisa wa mafunzo yake, faili la first.cc, ni seva ya mwangwi, na matokeo yake yanahesabika hadi tarakimu ya mwisho. Mifano iliyobaki hapa ni ya ns-3.

Kompyuta yangu ni ndogo na bando ni ghali. Nitaweza?

Utaweza. Nodi mbili zinazotupiana pakiti moja hazihitaji mashine kubwa. Kinachochosha kompyuta ni kuijenga ns-3 kutoka kwenye msimbo wake mara ya kwanza. Kumbukumbu ya kompyuta (RAM) ikiwa ndogo, iamuru ijenge faili moja kwa wakati badala ya mengi sambamba, uiache usiku kucha ukiwa na hakika ya stima. Kwa Windows, tumia WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows. Ukishapakua na kujenga, intaneti huihitaji tena, kazi yote inafanyika ndani ya mashine yako.

Nionyeshe hesabu yenyewe.

Hapa ndipo ninapotaka utulie, kwa sababu ukiishika hesabu hii mengine yote yanafuata.

Mfano wa first.cc una nodi mbili na kiungo kimoja cha moja kwa moja, chenye kasi ya megabiti 5 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 2. Seva inaanza sekunde ya 1, mteja sekunde ya 2, na wote wanasimama sekunde ya 10. Mteja anatuma pakiti moja yenye baiti 1024. Swali: seva itaipokea saa ngapi?

Wengi hujibu 2.002, kwa sababu wanaona milisekunde 2 tu. Wamesahau kwamba pakiti yenyewe inachukua muda kuingia kwenye waya. Muda wa kupakia abiria stejini hutegemea idadi yao na upana wa mlango, na muda wa safari ya kwenda Rongai ni hesabu nyingine kabisa. Lazima ujumlishe zote mbili.

Tuanze na ukubwa. Data ni baiti 1024. UDP inaongeza kichwa cha baiti 8, IP inaongeza 20, na kiungo chenyewe kinaongeza 2 za PPP, itifaki ya viungo vya moja kwa moja. Jumla ni baiti 1054, yaani biti 8432. Gawanya kwa biti 5,000,000 kwa sekunde, unapata milisekunde 1.6864. Ongeza milisekunde 2 za safari: 3.6864. Seva itapokea pakiti kwenye sekunde 2.0036864, na mwangwi utamfikia mteja kwenye 2.0073728.

Sasa endesha. Ns-3 itakuandikia kwamba seva imepokea baiti 1024 wakati wa +2.00369s, na mteja amepokea jibu wakati wa +2.00737s. Ni namba zako zile zile, zimekadiriwa tu. Badilisha kasi iwe megabiti 10, piga hesabu kwanza, ndipo uendeshe. Badilisha ukubwa wa pakiti, fanya vivyo hivyo. Mwanafunzi aliyefanya hivi mara kadhaa anajua kila mikrosekunde imetoka wapi, na hicho ndicho ninachokitafuta ninaposoma ripoti yake.

Mbona mfano unatumia poti 9 wakati mwangwi ni poti 7?

Poti 9 katika orodha rasmi ni ya huduma ya kutupa data, iliyoelezwa katika RFC 863. Ndani ya kielelezo poti ni namba tu, seva itasikiliza popote utakapoiambia. Mimi hupendelea wanafunzi waweke 7, ili faili la pakiti likifunguliwa kwenye Wireshark, programu ya kuchunguza pakiti, mtu alitambue mara moja.

Nimeendesha, imemaliza bila kosa, lakini hakuna kilichoandikwa. Shida ni nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Pitia mambo haya kwa mpangilio.

Kwanza, je, umewasha ujumbe wa kumbukumbu (log) wa programu zote mbili kwa LogComponentEnable, ya mteja na ya seva? Pili, umeijenga ns-3 kwa hali gani? Ikijengwa kwa hali iliyoboreshwa ili iwe na kasi (optimized), ujumbe wote wa NS_LOG huondolewa, hata ukiuwasha. Ijenge kwa hali ya kusaka makosa (debug). Tatu, angalia saa: mteja akituma kabla seva haijaanza, pakiti inafika kwenye poti isiyo na msikilizaji na kupotea. Nne, kama kuna zaidi ya kiungo kimoja, umejaza majedwali ya njia? Bila Ipv4GlobalRoutingHelper::PopulateRoutingTables au njia ulizoandika mwenyewe, nodi ya katikati haijui pa kuipeleka pakiti.

Ikiwa bado kimya, washa EnablePcapAll, inayohifadhi pakiti za kila kiolesura kwenye faili, na ufungue kila faili kwa tcpdump. Utaona pakiti imeishia kwenye kiolesura gani. Usibahatishe, fuata pakiti.

Je, seva ya ns-3 haitumii muda wowote kujibu?

Haitumii hata nanosekunde. Inaipokea pakiti na kuirudisha ndani ya tukio lile lile. Ndiyo maana hesabu yetu ilikubali bila kuongeza chochote cha seva. Kwenye mashine halisi kuna muda wa kuamsha programu na wa kuhamisha data, na muda huo hubadilika-badilika. Ukitaka seva yenye kazi, nakili msimbo wa UdpEchoServer, na badala ya kurudisha pakiti papo hapo tumia Simulator::Schedule kuahirisha jibu kwa muda utakaouchagua. Lakini hapo umeongeza kuchelewa tu. Pakiti mia zikifika pamoja zote zitajibiwa baada ya muda ule ule, kana kwamba seva ina mikono mia. Kama unachunguza seva iliyozidiwa, inabidi uiwekee foleni yake na uihudumie pakiti moja moja.

Kwenye CSMA (waya wa pamoja kama wa Ethernet) au Wi-Fi, pakiti ya kwanza inachelewa kuliko zinazofuata. Kwa nini?

ARP. Nodi inaijua anwani ya IP ya jirani lakini haijui anwani yake ya MAC, ile ya kadi ya mtandao yenyewe, kwa hiyo inauliza kwanza kwa itifaki ya ARP na pakiti inasubiri. Kiungo cha moja kwa moja hakina haja hiyo, ndiyo maana hukuliona mwanzoni. Tahadhari moja: ns-3 hushikilia pakiti 3 tu kwa kawaida wakati jibu la ARP linasubiriwa. Mteja akifyatua pakiti kumi kwa mpigo, nyingine zitatupwa kabla hata ya kuondoka kwenye nodi yake. Tuma pakiti moja ya kuamsha, kisha uanze kupima.

Nimetuma baiti 2000 na hesabu yangu haikubali tena.

Kiungo kinabeba hadi baiti 1500 za IP kwa mara moja. Data isiyokatwa ni baiti 1472 kwenda chini, yaani 1500 ukitoa 20 za IP na 8 za UDP. Zaidi ya hapo IP inaikata. Baiti zako 2000, pamoja na kichwa cha UDP, ni 2008. Kipande cha kwanza kinabeba 1480 na cha pili 528, kila kimoja na kichwa chake cha IP na baiti 2 za PPP: 1502 na 550, jumla 2052. Kwa megabiti 5 hiyo ni milisekunde 3.2832, na safari ya milisekunde 2 inafanya 5.2832. Kichwa cha UDP kimo kwenye kipande cha kwanza peke yake. Na kipande kimoja kikipotea, data yote imepotea.

Nikiweka upotevu wa asilimia 5, mbona majibu yanayokosekana ni karibu asilimia 10?

Mwangwi una safari mbili. Nafasi ya kufika salama ni 0.95 mara 0.95, yaani 0.9025, ikiwa umeweka RateErrorModel, sehemu ya ns-3 inayopoteza pakiti kwa bahati nasibu, kwenye pande zote mbili na kuihesabu kwa pakiti. UDP haitumi tena kilichopotea, na mteja wa mwangwi hangojei jibu: anatuma kwa vipindi ulivyompa, liwe liwalo.

Tabia hiyo ya kutongojea inazaa tatizo jingine. Ukimwambia atume kila milisekunde 1 kwenye kiungo chetu, anazalisha pakiti 1000 kwa sekunde huku kiungo kikiweza takriban 593. Foleni itarefuka, muda wa kurudi utapanda kila pakiti, kisha pakiti zitaanza kutupwa. Ukiona grafu inapanda kwa mstari ulionyooka namna hiyo, angalia kipindi cha kutuma kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kila nikiendesha napata majibu yale yale. Uigaji wangu ni feki?

Ni sawa kabisa. Kiungo kisicho na upotevu hakina bahati nasibu yoyote. Na hata palipo na bahati nasibu, ns-3 huanza na mbegu ile ile, yaani namba inayoanzisha bahati nasibu, ili jaribio liweze kurudiwa. Badilisha namba ya mbio (run), inayotofautisha uendeshaji mmoja na mwingine, kwa RngSeedManager::SetRun, endesha mara nyingi, kisha utoe wastani na mtawanyiko.

Nipe mfano wa Nairobi unaostahili kuigwa.

Iga KIXP, kituo cha Nairobi ambapo watoa huduma wa intaneti hubadilishana trafiki. Sijui mfano bora wa kumfundisha mtu wa hapa maana ya njia ya pakiti.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 kila mtoa huduma wa intaneti Kenya alikuwa na njia yake ya kwenda nje kwa setilaiti. Watu wawili mjini hapa, wa watoa huduma tofauti, wakitumiana barua pepe, pakiti zilikwenda ng'ambo na kurudi. KIXP kilifunguliwa Nairobi mwishoni mwa 2000, kikafungwa kwa amri ya mdhibiti baada ya malalamiko ya Telkom Kenya, kisha kikarudi Februari 2002 kikiwa na leseni.

Jenga nodi tano kwa mstari: mteja, mtoa huduma A, nodi ya ng'ambo, mtoa huduma B, seva ya mwangwi. Viungo viwili vya katikati ni vya setilaiti. Setilaiti ya mawasiliano inayoonekana kusimama sehemu moja angani iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo kupanda na kushuka ni karibu kilomita 72,000, na kwa kasi ya mwanga hiyo ni takriban milisekunde 240. Mwangwi unavuka setilaiti mara nne: mbili kwenda, mbili kurudi. Milisekunde 960 kabla hujahesabu kitu kingine chochote! Sasa viwekee viungo hivyo kasi ya kilobiti 128 kwa sekunde. Pakiti yetu ya biti 8432 itachukua milisekunde 65.9 kuingia kwenye kila kimoja, mara nne ni kama 263. Umefika sekunde 1.22 kati ya watu wawili ambao labda mmoja yuko Westlands na mwingine Upper Hill.

Kisha iondoe nodi ya ng'ambo, uweke KIXP mahali pake, na viungo vya nyuzi za kioo vya kilomita 10. Mwanga ndani ya kioo huenda karibu kilomita 200,000 kwa sekunde, mikrosekunde 5 kwa kilomita, kwa hiyo kila kiungo kinachelewesha milisekunde 0.05. Endesha tena. Hukubadilisha seva, mteja wala ukubwa wa pakiti. Umebadilisha njia tu.

Anayetaka kuendelea aongeze nyaya za baharini zilizofika Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka 2009, EASSy mwaka 2010. TEAMS inakwenda Fujairah, Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000: milisekunde 25 kwenda. Ongeza 2.5 za kilomita kama 500 kati ya Nairobi na Mombasa, na mwangwi wa kwenda na kurudi ni milisekunde 55. Ulinganishe na setilaiti.

Nini kitatokea nikiweka seva mbili za mwangwi na zikaanza kujibizana?

Hazitaacha. Tuma pakiti moja kwenda seva ya kwanza, ukiifanya ionekane imetoka poti 7 ya seva ya pili. Ya kwanza inamrudishia ya pili, ya pili inairudisha, na kuendelea. TTL, namba inayopungua kila pakiti inapopita ruta hadi itupwe, haisaidii, kwa sababu kila jibu ni pakiti mpya yenye TTL mpya. Kwenye kiungo chetu hiyo ni kama safari 271 kwa sekunde kutoka pakiti moja. Orodha ya matukio haitaisha, kwa hiyo weka Simulator::Stop.

Jambo hili lilitumika kushambulia mitandao halisi, na CERT, kituo cha Marekani cha usalama wa kompyuta, ilitoa onyo lake kuhusu huduma hizo za UDP mwaka 1996. Ndiyo maana kompyuta yako leo haijibu poti 7. Lijaribu ndani ya kielelezo pekee, usifungue seva ya mwangwi kwenye intaneti.

Naweza kutumia TCP badala ya UDP?

Unaweza, lakini jiandae. TCP ni mkondo wa baiti, hauheshimu mipaka ya ujumbe: baiti 1024 ulizotuma kwa mara moja zinaweza kusomwa na seva kwa mafungu. Kuna salamu ya hatua tatu kabla ya data, vithibitisho njiani, na utumaji upya. Hesabu ya karatasi bado inawezekana kwa ujumbe mmoja mdogo kwenye kiungo kisicho na upotevu. Anzia hapo.

Kwenye ripoti niandike nini?

Andika toleo la kiigaji, kasi na ucheleweshaji wa kila kiungo, ukubwa wa pakiti, kipindi cha kutuma, saa za kuanza na kusimama, na namba za mbio ulizotumia. Kisha weka jedwali lenye safu tatu: ulichokihesabu, kiigaji kilichotoa, na tofauti. Tofauti ikiwa si sifuri, eleza imetoka wapi: ARP, foleni, kukatwa kwa pakiti. Neno "makadirio" peke yake silikubali kama maelezo.

Na uambatishe msimbo. Mtu mwingine akiuendesha kwenye mashine yake, kwa toleo lile lile, anapaswa kupata namba zako zile zile.